Usifungashe Kikombe Kabla Hujasoma

Simu zenu nazijua hata kabla sijapokea. Ikilia asubuhi, chai yangu bado ya moto, na anayepiga hana muda wa salamu, basi kuna kijana mahali fulani Kampala amejaribu kusukuma kazi yake ghalani na ghala limemkataa. "Hajati, neno la siri linakataa!" Nami nauliza swali lile lile nililouliza miaka yote niliyokuwa kazini: limekataa kwa maneno gani? Hamjui. Hamjasoma. Mmeona maandishi yametokea mengi kwa pamoja, mkakimbilia simu.

Kwa wale wasionijua, mimi ni mama mstaafu, Mnubi wa kizazi cha askari wa zamani, na sasa nakaa Kawempe nikisuka vikapu vya ukindu wa rangi kama alivyosuka mama yangu. Lakini mkate wangu niliupata Ntinda, kwenye ofisi ndogo ya programu za kompyuta, juu ya duka la magodoro. Wenzangu waliandika programu. Mimi nilitunza mitambo, na zaidi ya yote nilitunza ghala letu, yaani ile seva ya mbali inayohifadhi kila toleo la kazi, ili mtu akiharibu leo tuweze kurudi kwenye ya jana. Kupeleka kazi huko ndiko tulikokuita kusukuma. Aliyekataliwa kusukuma alikuja kwangu.

Ofisini walizungumza Kiingereza na Luganda. Mimi nikikasirika nilitoka na Kiswahili cha kambini nilichokulia, na vijana walikaa wima mara moja. Walisema wakinisikia wanahisi kama wanakaribia kuwekwa ndani, maana kwetu Kiswahili ni lugha ya askari. Sikuwasahihisha. Ilinisaidia sana kazini.

Aliyenifundisha ufundi huu alikuwa Mkenya, Bwana Wekesa, ndiye aliyetufungia seva ya kwanza. Bwana huyu alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni niliona ni kichaa. Kosa likitokea kwenye skrini, alikalia mikono yake. Kweli kabisa, aliingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja, akasoma maandishi kuanzia mstari wa juu mpaka wa mwisho, midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Akimaliza ndipo anaitoa. "Dada," aliniambia, "mikono ndiyo inaharibu. Macho hayajawahi kufuta faili ya mtu." Nilimcheka siku ile. Baadaye nami nikawa naikalia yangu, na wote waliopita mikononi mwangu niliwalazimisha waikalie.

Alinifundisha pia kwamba mlango wa ghala unauliza maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza: wewe nani? La pili: unaruhusiwa kuingia humu? Aliyeshindwa swali la kwanza hajafukuzwa na mtu, ameshindwa tu kujitambulisha. Aliyeshindwa la pili ametambuliwa vizuri sana, ila hana ruhusa. Na majibu yake mlangoni hayafanani. Lishikeni hili, kwa sababu siku moja lilitaka kunipotezea mtoto wa watu.

Kabla ya hapo niwachekeshe kidogo. Tuliwahi kuwa na kijana wa Bukavu, Kabongo, fundi kwelikweli, mtanashati, viatu vinang'aa hata mvua ikinyesha. Laptopu yake ilikuwa na kibodi ya Kifaransa, aliyotoka nayo kwao. Siku ilipoharibika tukampa mashine ya ofisi. Kabongo akaandika neno lake la siri, akakataliwa. Akaandika tena polepole, akakataliwa. Akaanza kuinua sauti: "Mama, mimi najua neno yangu kama najua jina ya mama yangu!" Na ni kweli alilijua. Vidole vyake ndivyo vilivyolijua vibaya. Kwenye kibodi ya Kifaransa herufi ya a imekaa mahali ambapo kwetu imekaa q, na mlangoni pa ghala unachoandika hakionekani, hata nyota hakuna. Nikamwambia afungue ukurasa mtupu aandike pale tulione, mimi nikageuka nikatazama ukutani. Nikasikia vidole, halafu kicheko. Kwa hiyo neno likikataa na unaapa ni lenyewe, liandike mahali unapoliona kwanza, kisha ufute. Na hakikisha nyuma yako hakuna anayechungulia.

Saa nayo. Umeme wetu mnaujua. Mashine ya zamani ambayo kabetri kake ka ndani kamekufa, umeme ukikatika na kurudi, inaamka ikidhani tuko miaka mingi nyuma. Ghala linaona mgeni anayetoka zamani, linamfungia mlango. Watu wamebadilisha maneno ya siri kutwa nzima na kosa lilikuwa tarehe pale pembeni chini.

Huo huo umeme ndio uliotuzalishia tabia mbaya kuliko zote. Ofisini kulikuwa na mashine moja iliyounganishwa kwenye betri kubwa, na sisi tuliiita hivyo hivyo, mashine ya betri. Umeme ukikatika, kila mtu alibeba kazi yake kwenye flashi, akapanga foleni pale kuisukuma kabla betri haijaisha. Fikiria foleni ya watu wenye haraka, mmoja anaandika neno la siri anakosea, nyuma wanamgunia. Basi wakagundua ujanja: walichomeka jina lao na neno lao la siri ndani ya anwani yenyewe ya ghala, ili mashine isiwaulize tena. Folda ikinakiliwa kwenye flashi, anwani nayo inakwenda na neno la siri tumboni. Nilikemea, nikachoka. Foleni ilikwenda haraka, na mtu mwenye haraka haambiliki.

Sasa nije kwa Aber.

Aber alikuwa binti wa askari polisi mstaafu wa kambi ya Nsambya, Afande Okot, Mwacholi. Aliajiriwa kwetu akitokea chuo, mkimya, kalamu nyuma ya sikio, na kikombe cha bati cha bluu alichokuja nacho siku ya kwanza. Kwa sababu wote wawili tulikuwa watoto wa kambi, tulizungumza Kiswahili chetu pembeni, na nilimpenda waziwazi, sikuficha.

Mkurugenzi wetu, nitamwita Kizito, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: aliogopa macho ya watu. Hakuweza kumwambia mtu ana kwa ana neno lisilopendeza. Hata akitaka kumwachisha mtu kazi, alifanya hivi: aliingia ghalani, akaondoa jina la mtu huyo, akasafiri kwenda kumwona mteja Jinja. Asubuhi mtu anasukuma kazi, anakataliwa, anaelewa. Anakusanya vitu vyake anaondoka, na barua humfuata baadaye. Kijana wetu mmoja, Musoke, alitoka hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake alipokataliwa, nikaona maneno kwa macho yangu. Tangu hapo ofisi nzima iliishi roho juu. Neno la siri likikataa, mtu hakuuliza nimekosea wapi. Aliuliza nimemkosea nani.

Siku moja Aber alibishana na Kizito mbele yetu. Ilikuwa programu ya duka la dawa la zahanati moja. Kizito alitaka ipelekwe ilivyo, Aber alisema kuna mahali inachanganya vipimo vya dawa za watoto, hatasukuma mpaka amalize kurekebisha. Kizito akatabasamu lile tabasamu lake la kukwepa, akasema haya, tutaona. Kesho yake akaenda Jinja.

Mimi siku hiyo nilichelewa, nilikuwa naumwa jino. Nilipofika Ntinda saa nne nikakuta meza ya Aber ni safi. Funguo za ofisi katikati ya meza, na kikombe cha bluu hakipo. Nikauliza, wakaniambia alijaribu kusukuma, akakataliwa, akatazama skrini kidogo, akaosha kikombe chake, akaondoka. Hakuna aliyemzuia. Wote walidhani wanajua.

Nikampigia Kizito. Akapokea kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa: "Hajati, nimesikia Aber ametoka. Mimi nilifikili alikasilika jana, ametuacha."

"Hukumtoa ghalani?"

"Mimi? Na ile kazi ya dawa nani atamaliza?"

"Basi mpigie umwambie!"

"Mpigie wewe, Hajati. Kale, haya basi, nakuomba."

Mnaona watu hao? Mmoja amejifukuza, mwingine amejiona ameachwa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Simu ya Aber ilikuwa imezimwa. Nikachukua bodaboda mpaka Nsambya, jino linapwita, nikimhimiza dereva na kumkemea kwa wakati mmoja.

Nyumba za kambi zimefuatana, na Afande Okot aliendelea kukaa pale kwa mtoto wake wa kiume aliyeshika kazi ile ile. Nilimkuta ukumbini, shati limepigwa pasi, miguu pamoja. Aber alikaa kwenye mkeka, macho mekundu, laptopu yake mwenyewe imefungwa pembeni. Kwenye mfuko wa shati la mzee ilichungulia pasipoti.

"Karibu, Hajati. Kaa, kiti iko," alisema Afande. "Huyu mtoto hapana kula tangu asubuhi."

"Na hiyo pasipoti, Afande?"

Akaigusa. "Iko mtu ya ajenti, anakuja saa nane. Wanataka wasichana ya kulinda maduka kule Uarabuni. Iko yunifomu, iko barua. Si hii kazi yenu, mashine nafukuza mtu na hapana barua."

Mikataba ya ajenti hao nilishaisikia kwa wengine: ukishatoa pasipoti, kuirudisha ni shughuli. Na Aber hakutaka kulinda maduka. Nilimtazama, hakuinua uso.

"Aber, wewe nataka kwenda?"

"Mimi nitafanya nini, Hajati? Walinitoa. Mashine ilisema."

"Ilisema maneno gani?"

"Ilisema imekataa."

"Sikuuliza kama imekataa. Nimeuliza maneno. Fungua hiyo kitu."

Akafungua. Alikuwa na nakala ya kazi yote kwenye flashi, akaiingiza, akawasha intaneti ya simu, akaandika amri ya kusukuma. Maandishi yakashuka. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kufunga dirisha.

"Kalia mikono!"

Afande alishtuka mpaka akakaa sawa zaidi. Aber akakalia mikono yake palepale mkekani.

"Soma kuanzia juu. Kwa sauti, baba yako asikie."

Akaanza kusoma, akitafsiri kutoka Kiingereza. Mstari wa chini kabisa, ule ambao kila mtu huusoma, ulisema uthibitisho umeshindikana. Lakini juu yake kulikuwa na mstari mwingine, na hapo sauti yake ilipungua mwendo: ghala halipokei tena maneno ya siri, tumia tokeni.

Wenye ghala, yaani kampuni ya nje tuliyopanga nafasi kwake, walikuwa wamebadilisha utaratibu. Zamani neno la siri la akaunti lilitosha kusukuma kazi. Sasa walitaka tokeni, msururu mrefu wa herufi na namba unaoutengeneza ndani ya akaunti yako, wenye mwisho wake na ruhusa zake. Wenzake hawakuwa wamesukuma kitu asubuhi ile, yeye ndiye aliyetangulia kugonga ukuta.

Lakini hakuamini. Woga ukishamkalia mtu haumtoki kwa mstari mmoja. "Labda wamenitoa na hiyo pia," alisema.

"Musoke nilimwona akitolewa," nikamwambia. "Unajua mlango ulimwambia nini? Ulimwambia ghala halijapatikana. Aliyetolewa haambiwi neno lako limeshindikana. Anafichwa ghala lenyewe, kama halijawahi kuwepo. Wewe hata swali la kwanza hujapita, utajuaje jibu la pili? Nenda kwenye tovuti ya ghala, huko neno la siri bado linakubalika, ingia kwa lako lile lile."

Akaingia. Ukurasa ukachelewa, intaneti ya simu si mchezo. Halafu ikatokea: programu ya zahanati, na kwenye orodha ya wenye ruhusa jina lake liko pale, chini ya langu.

Aber aliweka kiganja mdomoni. Nami nitasema wazi, machozi yalinilenga, nikasingizia jino.

Kutengeneza tokeni halikuwa jambo gumu, alijua zaidi yangu kuchagua ruhusa. Akasukuma tena. Ikakataa. Yeye alikuwa tayari amekalia mikono bila kuambiwa, akasoma. "Hajati, mbona hata haijaniuliza tokeni?" Akafikiri kidogo. "Ah! Ni ile mambo ya foleni." Akaiambia mashine imwonyeshe anwani ya ghala, na ikaonyesha yote, jina lake na neno lake la siri hadharani, tangu siku za mashine ya betri. Mashine ilikuwa inajibia kwa niaba yake neno la zamani.

Afande alikuwa ameinama nyuma yetu, miwani puani. Akanyoosha kidole.

"Kwa nini jina yangu iko hapo?"

Neno la siri lilikuwa Okot, na namba yake ya jeshi la polisi.

"Ni neno yangu ya siri, Baba," alisema Aber bila kugeuka. "Kila siku nafungua kazi na hiyo."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Mimi kama mtunza mitambo nilipaswa kumkaripia binti hapo hapo, maana jina la mzazi na namba yake ndicho kitu cha kwanza mwizi atakachojaribu. Na nyinyi mnaosoma nawakaripia, acheni. Lakini siku ile nilinyamaza, na sijutii.

Aber akasafisha anwani, akabaki na anwani tupu. Akasukuma. Sasa mashine ikauliza jina, ikauliza neno. Akabandika tokeni. Hakikuonekana kitu, akabandika tena. Ikakataa. Tukatazamana tukaangua kicheko, maana ilikuwa Kabongo mtupu: kisichoonekana kinaingia vile vile, naye alikuwa ameiingiza mara mbili. Safari hii akabandika mara moja, akagonga kitufe, akarudisha mikono chini ya mapaja.

Namba zikapanda. Kazi ikaenda.

"Imekubali?" Afande akauliza.

"Imekubali, Baba."

Dakika haikupita simu yangu ikalia. Ni Kizito, ghala lilikuwa limempelekea taarifa kwamba Aber amesukuma marekebisho ya dawa za watoto. "Hajati! Kumbe hajatuacha?" Nikampa Aber simu. Sijui Kizito alimwambia nini, ila najua alilazimika kusema kwa sauti yake mwenyewe, na ilimchukua muda, maana Aber alisikiliza sana kabla ya kumjibu kwa heshima ya Kiganda, "Ndiyo, ssebo. Kesho nakuja." Afande alitoa pasipoti mfukoni, akaiweka juu ya kabati, akaniuliza kama naweza kula na jino bovu. Ajenti alipokuja saa nane alitukuta tunakula, akapewa maji ya kunywa, akaaga.

Kizito nilimsubiri arudi Jinja. Nilimwambia kwa Kiswahili cha kambini, mlango wazi, kwamba siku atakapomtoa mtu mwingine ghalani kabla ya kumwambia usoni, mtu wa pili kutoka atakuwa mimi, na nitaondoka na betri. Alicheka, lakini aliitikia. Yuko vizuri siku hizi. Huanza kwa kukohoa, halafu anasema.

Nilipostaafu, mitambo na ghala nilimwachia Aber. Jumapili moja baada ya sherehe yenu ile ya kuniaga, ya soda na keki, nikamwona anaingia uani kwangu Kawempe na kilo ya sukari, amevaa vizuri. Akaweka kikapu changu pembeni, akakaa mbele yangu, akanitazama machoni.

"Hajati, kesho asubuhi natoa jina yako ghalani. Ni utaratibu, si kitu ingine. Mimi sikutaka mashine ikuambie."

Nikamwambia ahsante, mwanangu. Tukanywa chai.

Kesho yake, kwa ukorofi tu, nilifungua laptopu yangu ya zamani nikasukuma. Nilikalia mikono yangu nikasoma kuanzia juu mpaka chini, nikaufikia ule mstari ambao Musoke aliusoma kabla ya kuambiwa na mtu: ghala halijapatikana. Nikausoma mara ya pili kwa raha zangu, nikafunga mashine, nikarudi kwenye ukindu wangu.